Santuri Iitwayo Pulaski

Kwa miaka minane mkono wa kushoto wa Dwayne Pulaski ulivunjika kila Ijumaa jioni na kupona kila Jumamosi asubuhi.

Plasta yenyewe alitengenezewa na mkewe, Rosalba, aliyekuwa msusi katika saluni moja ya Van Nuys. Ilikuwa ganda jeupe gumu, kama lile wanalofungwa watu waliovunjika mfupa. Rosalba alilipasua kwa urefu, akatia vifungo upande wa ndani, likawa la kuvaa na kuvua kama kiatu. Chini ya kiwiko kilikaa kinasa sauti cha Kijapani, na kipaza sauti kidogo kama njegere kikatokeza penye vidole katikati ya nyuzi za bandeji. Kisha akaijaza plasta nzima mioyo na majina ya marafiki wasiokuwapo duniani, pamoja na salamu za "pona haraka", yote kwa rangi ya kucha na kila moja kwa mwandiko wa namna yake. Walinzi wa vilabu vya muziki vya barabara ya Sunset waliwapekua watu mpaka soksi. Dwayne walimwonea huruma, wakampitisha mbele asije akagongwa.

Niliwajua wote wawili, maana duka langu la santuri liko Reseda tangu mwaka sabini na tisa. Wenye maduka jirani wamekufa au wamehamia kwa watoto wao, na pale palipokuwa na fundi wa gramafoni siku hizi wanauza maganda ya simu.

Ilikuwa enzi ya wanaume waliovaa suruali za kubana zenye madoa ya chui, wakapaka wanja na kupuliza nywele mpaka zikasimama kama kichaka kinachoungua. Watoto wa leo wakiona picha zao wanacheka. Mimi muziki ule sikuupenda sana, sitadanganya, lakini niliiheshimu kazi yao. Wale vijana walibeba spika zao wenyewe, walibandika matangazo yao wenyewe kwenye nguzo za umeme, na jukwaani walipiga kana kwamba jengo lingebomolewa kesho yake. Mara nyingi lilibomolewa kweli. Ukikosa onyesho, basi umelikosa, isipokuwa mwizi mmoja mwenye adabu awe ameondoka nalo kwenye kiwiko. Hivyo ndivyo zilivyozaliwa santuri za magendo: mkanda ulitoka kwa mtu kama Dwayne, ukaenda kwa mtu mwenye mashine ya kuchapa santuri, ukarudi ndani ya jalada jeupe lisilo na jina, na karatasi ya fotokopi juu yake. Leo watu mia tano wanainua simu mia tano, na kesho yake hakuna hata mmoja anayesikiliza alichokirekodi.

Watu wa kazi ya Dwayne walikuwa na sheria moja tu: kimya. Huimbi, hukohoi, hupigi makofi, kwa sababu kipaza sauti kiko mwilini mwako na kofi lako moja litakuwa bomu kwenye mkanda. Dwayne, ambaye mchana alikuwa mpuliza rangi kwenye kiwanda cha magari, alisimama katika maonyesho zaidi ya mia tatu kama mlingoti. Rosalba alisimama pembeni yake, naye alikuwa mwanamke ambaye hata kufagia nywele saluni kwake kulikuwa dansi.

"Harlan," aliniambia siku moja, ameegemea kaunta yangu, "wenzangu waume zao wanawatoa kwenda kucheza. Mimi natolewa kwenda kusimama."

"Kuna wanaoachwa nyumbani, dada."

"Hao angalau wanakaa kwenye kiti."

Basi mwaka themanini na sita bendi iliyoitwa Lace Viper ilipiga onyesho la mwisho kabla ya kusambaratika, katika klabu ambayo sasa ni maegesho ya benki. Wimbo wa tatu kutoka mwisho ulipokoma, Rosalba alivunja sheria. Alimpigia mumewe kelele ya sikioni. Spika zilikuwa zimemziba mumewe masikio, hakusikia hata neno. Kesho yake Dwayne alipokuwa jikoni anaupitia mkanda, alilikuta jina lake mwenyewe, wazi kama kengele: "Pulaski!"

Alizivua spika za masikio kama mtu aliyechomwa. Jina lake kwenye kitu cha magendo! Polisi wangeanzia wapi tena kama si kwenye kitabu cha simu, herufi ya P? Walinuniana mwezi mzima. Dwayne alilala gereji kando ya mashine ya kufulia. Mkanda aliupeleka kwa mchapaji bila kuusikiliza zaidi, akamwagiza ile sauti ikatwe. Mchapaji hakukata kitu. Zilitoka santuri mia moja, na wiki ya tatu ghala lilivamiwa, nyingi zikayeyushwa. Zilizosalia huenda hazifiki kumi. Watu wa kukusanya santuri wanaziita Pulaski, jina wanalolijua kwa masimulizi tu maana wenye nazo hawazipigi, na kwa karibu miaka arobaini wamebishana kama ni jina la mtaa, la mpiga ngoma au ni tusi la Kipolandi.

Mimi nilijua, kwa sababu moja ya hizo ilipitia dukani kwangu mwaka ule ule, nikaipiga. Rosalba alikuwapo. Alijisikia mwenyewe, akacheka mpaka wanja ukamtiririka shavuni.

"Usimwambie nilichosema," akaniapisha. "Siku atakayoacha kununa ataipiga mwenyewe."

Kununa kuliisha, ila santuri hakuipiga. Mchapaji alikuwa amempa moja bado imo kwenye nailoni, akaiweka juu ya kabati, ikageuka utani wa nyumba. Kila Krismasi, tukila tamale za Rosalba, zile za unga wa mahindi, alikuwa akimuuliza, "Lini utanisikiliza, we mwanamume?" Naye alikuwa akijibu, "Nikistaafu." Alistaafu. Miaka mitatu iliyopita Rosalba akafa, kwa ugonjwa wa damu uliomchukua upesi. Santuri ikabaki kabatini ndani ya nailoni yake.

Mwezi wa pili mwaka huu Dwayne aliingia dukani akiwa ameikumbatia kifuani.

"Niuzie hii, nitafutie mnunuzi," alisema.

Nilidhani nimesikia vibaya, kumbe mwenye masikio mabovu ni yeye. Maonyesho mia tatu mbele ya spika hayaachi mtu salama.

"Uuze sauti ya mkeo?"

"Nini?"

Nikalazimika kupaza. Si swali la kumpigia mtu kelele.

"Nataka mashine za masikio," alisema. "Bima yangu inalipa magoti, hailipi masikio. Binti yangu Marisol anapiga simu kutoka Fresno, mimi naitikia tu, eeh, eeh. Juzi akaniambia ana mimba. Unajua nilimjibu nini? 'Vizuri, usisahau kubadilisha oili.'"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Basi tuipige kwanza, leo hii," nikasema. "Halafu uuze."

"Nailoni ikitoka, bei inaanguka nusu. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Achana na bei."

Aliitazama santuri, akaisugua nailoni kwa kidole gumba.

"Harlan, sauti za wanawake ndizo zilizotangulia kwenda. Nasikia lori. Nasikia mbwa mkubwa. Mhudumu wa duka la dawa namwona mdomo tu. Sasa nikiipiga nisimsikie?" Akavaa kofia yake. "Afadhali niuze nikijua yumo."

Nilimpigia simu Daktari Keshishian.

Vartan Keshishian ni daktari wa meno huko Glendale, mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye santuri elfu nne nyuma ya vioo na kipimajoto ukutani. Ni mnunuzi mwaminifu kuliko wote niliobaki nao, na ni wa aina inayonichosha kuliko zote. Hawa hununua santuri zisizofunguliwa na kuziacha hivyo hivyo. Zamani mtu aliyenunua santuri Jumamosi alikuwa ameikwaruza kufikia Jumatatu, na mikwaruzo ile ilikuwa kama makunyanzi ya uso wa mtu unayemjua. Siku hizi mkwaruzo ni ugonjwa.

Alikuja Jumamosi asubuhi na boksi la donati la rangi ya waridi, lenzi, na glavu nyeupe za pamba. Dwayne alikuwa ameshafika, amenyoa, amekaa kwenye kigoda kando ya spika. Niliwatambulisha kwa majina ya kwanza tu. Daktari aliinua santuri kwenye mwanga, akaizungusha pembe kwa pembe.

"Mama yangu," alinong'ona. "Nailoni ya kiwandani. Hata karatasi haijapauka. Dola elfu nne na nusu, kama tulivyosema."

"Ngoja tuipige," nikasema.

Alinitazama kama nimependekeza tuikaange. Nikamwonyesha ubao ulio juu ya droo ya pesa, nilioupaka rangi kwa mkono wangu mwaka themanini na mbili: YA MAGENDO HAITOKI BILA KUPIGWA.

"Mzee Harlan, hiyo ni kwa zile zilizofunguliwa."

"Ubao haujui nailoni. Mwaka ule nilimuuzia jamaa mmoja onyesho la magitaa, halijafunguliwa, dola ishirini. Kufika nyumbani akakuta masomo ya kinanda cha kanisani. Alirudi na tofali. Kioo kile ni cha pili."

"Lakini ikifunguliwa si bikira tena!"

"Daktari, wewe hung'oa jino mgonjwa akiwa amefumba mdomo? Utajuaje kilichomo? Wachapaji wale walikuwa wanatia chochote ndani. Inawezekana umebeba dola elfu nne kwa ajili ya akodiani."

Nakiri nilikuwa najua vizuri kilichomo. Lakini sheria ni sheria, na siku ile niliifurahia kuliko siku zote.

Daktari akala donati nzima akifikiri. Mwisho akamgeukia Dwayne. "Mwenye mali unasemaje?"

"Nini?"

"ANAULIZA TUIPIGE?" nikapaza.

Dwayne alinikazia macho. Alielewa nilichokuwa nafanya, na rangi ikamtoka usoni. Alibana mikono katikati ya magoti. Kisha akatikisa kichwa kukubali, kidogo sana.

"Sawa," daktari akasema. "Mara moja mbele ya mnunuzi ni ukaguzi, si kupigwa. Ikiwa ni yenyewe bei inabaki pale pale. Ila sikilizeni: sindano ikishuka inakwenda mpaka mwisho. Hainyanyuliwi katikati, hairudi nyuma hata uzi mmoja. Huko ndiko mikwaruzo inakotoka."

Nilichana nailoni kwa ukucha. Harufu ya mwaka themanini na sita ikatoka, ya gundi na karatasi. Upande wa kwanza ulikwenda wote. Ilikuwa yenyewe kabisa: magitaa yakilia kama paka juu ya bati, ngoma, wasichana wakipiga mayowe. Daktari alifumba macho, akasahau chembe za sukari kwenye glavu yake.

"Usiku ule nilikuwa na miaka kumi na tano," alisema tulipogeuza. "Walinikatalia mlangoni. Nikazunguka nyuma kwenye mapipa ya taka, nikaegemeza mgongo ukutani. Nilisikia ngoma tu, kwa uti wa mgongo. Baba alipojua, akanichapa, akanipeleka kwa kinyozi."

Upande wa pili. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha makofi. Na hapo sauti yake ikaingia dukani kwangu, mbichi, karibu, kana kwamba ameegemea kaunta. Daktari akafumbua macho. "Hilo! Hilo hapo! Pulaski!"

Nilimtazama Dwayne. Alikuwa ameinamisha uso, akifuata mdundo kwa kisigino, akingoja. Wimbo uliofuata ukaanza. Aliendelea kungoja. Katikati ya wimbo akainua macho kwangu.

"Bado?"

Niliitazama santuri ikizunguka. Si kwamba nilikosa sauti ya kupaza. Sikutaka kulipaza neno lile.

"Imepita," akasema mwenyewe.

Akavua kofia, akaiweka gotini, akailaza vizuri ukingo wake. "Basi. Daktari, chukua mali yako. Ni nzuri, inacheza safi."

"Kimepita nini?" Daktari alitugeukia mmoja mmoja. "Jamani, kimepita nini?"

"Huyu ndiye Pulaski," nikamwambia. "Aliirekodi yeye. Aliyemwita ni mkewe, na ameshafariki. Hajawahi kusikia alichoambiwa."

Daktari akasimama pale na glavu zake nyeupe. Nilimwona akimtazama yule mzee, masikio yake makubwa yenye nywele nyeupe, vidole vilivyovimba kwenye maungio. Sindano ilikuwa ingali inakwenda. Akavua glavu ya kulia, kisha ya kushoto, akazitia mfukoni.

"Rudisha sindano."

"Daktari, ulisema hairudi hata—"

"Mzee Harlan, rudisha sindano bwana, usinisomeshe!"

Nikarudisha. Nilipunguza besi mpaka ikafa, nikapandisha sauti ya kati mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka. Dwayne alishuka kwenye kigoda akapiga magoti sakafuni, magoti yale yale yanayolipiwa na bima, akabandika sikio kwenye kitambaa cha spika kama mtu anayesikiliza tumbo la mjamzito. Makofi. Sauti.

Akainua kidole. "Jina nimelisikia. Halafu?"

"Tena," daktari akaniambia.

Safari hii nilishusha sindano palepale, nyuma kidogo tu, na ikakwaruza, nikausikia mkwaruzo ukizaliwa. Daktari hata hakukunja uso. Alikuwa amechuchumaa kando ya Dwayne, ameikinga spika kwa koti lake ili kelele za barabarani zisiingie.

Rosalba akasema, kwa sauti yake ya kicheko, ya miaka thelathini na miwili:

"Pulaski! Mkono wenyewe mzima huo! Piga makofi basi, mume wangu, watu wanadhani nimekuja na maiti!"

Halafu akacheka, mtu akapiga mluzi, ngoma zikaanza.

Dwayne hakutoka kwenye spika. Mabega yake yalikuwa yanacheza, na kwa muda sikujua kama ni kicheko au ni kitu kingine. Alipogeuka uso ulikuwa umelowa wote, na alikuwa anacheka.

"Maiti," alisema. "Kuninunisha mwezi mzima. Maiti!"

Kisha, akiwa bado magotini, akaanza kupiga makofi. Hakuwa anajua kupiga makofi, viganja havikukutana sawasawa, kama vya mtoto. Alipiga wimbo ukiendelea, akapiga ulipokwisha, akapiga sindano ilipofika katikati na kubaki ikizunguka na ule mlio wake mkavu. Daktari alikwenda kusimama mbele ya rafu ya muziki wa kanisani, ambao najua haununui, akazisoma migongo santuri zote mpaka mwisho.

Alilipa elfu nne na nusu kamili. Nilimkumbusha mkwaruzo upande wa pili, maana sijawahi kuuza kitu kwa kuficha kasoro. Akasema anaujua, alikuwapo ulipotiwa.

"Daktari," Dwayne alimwita mlangoni. "Usimfungie kwenye kioo."

"Nimweke wapi basi?"

"Kwenye gramafoni. Alichukia kusimama bure."

Daktari aliifikiria. "Ijumaa nafunga kliniki saa nane mchana," alisema, kwa sauti kubwa na polepole, akimtazama machoni ili asome midomo. "Ukishapata masikio yako, njoo. Mke wangu anapika dolma za majani ya mzabibu. Utapiga makofi vizuri zaidi."

Mashine aliwekewa mwezi wa nne. Alikuja kunilalamikia kwamba dunia ina kelele, kwamba friji inanung'unika, kwamba viatu vyake mwenyewe vinamfuata. Nikamwambia nami nimekuwa nikisema hivyo tangu wavunje ukumbi wa sinema wa hapa mtaani, wala sina mashine.

Simu yake ikalia palepale kaunta. Ilikuwa Marisol. Dwayne akaipokea, akafungua mdomo aseme eeh, akaufumba. Nilisikia sauti ya yule binti kutoka nilipokaa, ikiuliza, "Baba? Baba, unanisikia?" Ni sauti ya mama yake. Sote tulikuwa tumejua hivyo tangu binti akiwa na miaka kumi na mitatu. Dwayne peke yake ndiye aliyekuwa amesahau.

Alishika ukingo wa kaunta.

"Nakusikia," alisema. "Sema tena, mwanangu. Sema chochote, anza mwanzo."